Mtoto anayekwama na mwenzake wa benchi: msaada wa wanafunzi kwa wanafunzi katika shule ya wote

Utangulizi

Tangu Septemba 2019, wazazi hawalipi tena masomo ya msingi katika shule za serikali za nchi yetu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 43, ilikuwa imekwisha kuahidi jambo hilo. Ikapita miaka 13 kabla ya ahadi kuanza kutekelezwa. Watoto wengi waliobaki nyumbani kwa kukosa minervali waliingia darasani, na madarasa yakajaa. Kati ya walioingia wamo watoto ambao shule haikuzoea kuwaona: asiyeona vizuri ubao, asiyesikia vizuri sauti ya mwalimu, mwenye kigugumizi, anayechelewa kuelewa, aliyekimbia vita na kupoteza miaka miwili ya masomo, na yule ambaye nyumbani kwao hakuna anayesema neno moja la Kifaransa.

Mlango umefunguliwa, lakini kuingia darasani si kujifunza. Mtoto anaweza kukaa kwenye benchi la nyuma mwaka mzima, jina lake likiitwa kila asubuhi, asipate kitu. Mwisho wa mwaka anarudia darasa. Akirudia mara ya pili, wenzake wanamwita mjinga, wazazi wanaona heri abaki nyumbani amlee mdogo wake, na shule inampoteza bila mtu yeyote kutamka kwamba amefukuzwa.

Makala hii inaeleza njia moja ya kumbakiza mtoto huyo shuleni na kumfanya ajifunze kweli: msaada wa wanafunzi wenzake. Tutaona maana yake, ilikotoka, namna inavyofanyika darasani na mipaka yake. Tutaona pia kwa nini inatuhusu sisi watu wa lugha. Msaada huu, mtu akiuchunguza kwa karibu, ni maneno: mtoto mmoja anasema jambo, mwingine anaelewa au haelewi. Maneno yakiwa mabaya, au yakiwa ya lugha ambayo wote wawili hawaimiliki, msaada unageuka mzigo.

1. Maana ya maneno tunayotumia

Elimu jumuishi ni elimu ambayo shule ya kawaida, ile ya mtaani, inajipanga kumfundisha kila mtoto wa mtaa huo. Wazo hili lilipata nguvu mwezi wa Juni 1994, katika mji wa Salamanca, Hispania, ambako wajumbe wa serikali 92 na wa mashirika 25 ya kimataifa walikutana kwa mwito wa UNESCO na serikali ya Hispania. Tamko walilotoa linasema kwamba shule inapaswa kumpokea mtoto hata akiwa na shida ya mwili, ya akili, ya lugha au ya maisha. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinahusu elimu. Kongo ilijiunga na mkataba huo mwaka 2015, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu katika nchi yetu.

Ni lazima kutenga mambo mawili ambayo mara nyingi yanachanganywa. Kumwingiza mtoto ni kumpa nafasi darasani na kumwacha ajizoeze kama anaweza. Kumjumuisha ni kubadilisha namna ya kufundisha ili naye apate. Katika hali ya kwanza mtoto ndiye anayebeba kazi yote. Katika hali ya pili shule nayo inajitikisa.

Msaada wa wenzake ni mpango ambao mwalimu anauweka ili wanafunzi wasaidiane kwa namna inayojulikana, kwa wakati uliopangwa na kwa lengo lililo wazi. Neno kubwa hapa ni mpango. Watoto kunong'onezana jibu, au mtoto hodari kumwandikia mwenzake zoezi, ni jambo la kila siku katika kila darasa, lakini sio tunalozungumzia. Mipango yenyewe ni ya aina tatu: msaada wa somo, ambapo wanafunzi wawili wanasoma au kuhesabu pamoja, msaada wa urafiki, ambapo kundi dogo linamzunguka mtoto aliyetengwa, na msaada wa maisha ya shule, kama kutembea pamoja njiani, kucheza na kula pamoja.

2. Wazo hili lilitoka wapi

Kufundishwa na mwanafunzi mwenzako ni jambo la zamani. Mwaka 1797, Mskoti Andrew Bell alitoa kijitabu kuhusu shule ya watoto yatima aliyoiongoza Madras, Uhindi, ambako wavulana wakubwa waliwafundisha wadogo. Mwaka 1798, Joseph Lancaster akafungua shule London kwa mtindo unaofanana na huo: mwalimu mmoja, mamia ya watoto, na wanafunzi viongozi waliorudia kwa wadogo yale waliyoambiwa. Mtindo huu ulienea katika nchi nyingi kwa sababu gharama yake ilikuwa ndogo. Udhaifu wake ulijulikana baadaye: mwanafunzi kiongozi alikuwa bomba la kupitishia maneno ya mwalimu, na aliyekwama alisahihishwa au kuadhibiwa bila kueleweshwa. Tuukumbuke mfano huu, kwa maana ndio hatari inayotungoja sisi pia, tulio na madarasa makubwa na fedha kidogo.

Mtaalamu aliyetoa msingi mwingine ni Lev Vygotsky (1896–1934), wa Urusi ya Kisovieti. Alisema kwamba ukitaka kujua uwezo wa mtoto, usiangalie tu anachofanya peke yake. Angalia pia anachoweza kufanya akisaidiwa na mtu mzima au na mwenzake anayejua zaidi. Nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili ndiyo mahali pa kufundishia. Vygotsky alifanya kazi na watoto wenye ulemavu, na kwake shida kubwa ya mtoto kipofu au kiziwi haikuwa macho au masikio yenyewe, bali kule kukatwa kutoka katika maisha ya wengine. Kwa hiyo, kumrudisha kati ya wenzake ni sehemu ya kumfundisha.

Mpango uliochunguzwa kwa muda mrefu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Juniper Gardens, mtaa wa watu maskini wa Kansas City, jimbo la Kansas, Marekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, wakiwemo Charles Greenwood na Joseph Delquadri, waliona kwamba katika madarasa ya mtaa huo mtoto hutumia sehemu kubwa ya siku akimsikiliza mwalimu au akingoja zamu yake. Muda anaosoma kwa sauti, kuandika au kujibu ni mdogo sana. Wakajiuliza: tufanyeje ili watoto wote wafanye kazi kwa wakati mmoja, naye mwalimu ni mmoja? Jibu lao lilikuwa kuligawa darasa zima wawili wawili. Watoto waliosoma kwa mpango huo walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na walipata matokeo mazuri kuliko watoto wa hali sawa waliofundishwa kwa njia ya kawaida.

3. Kazi inavyofanyika darasani

Mpango wa Kansas una hatua chache ambazo mwalimu yeyote anaweza kuzifuata. Wanafunzi wanakaa wawili wawili, mmoja akiwa mwalimu, mwingine mwanafunzi. Kwa dakika 10, aliye mwalimu anauliza: anataja neno, mwenzake analiandika na kulisema herufi kwa herufi. Jibu likiwa sawa kwa mara ya kwanza, ni alama 2. Likikosewa, mwalimu mdogo anaonyesha jibu, mwenzake analiandika mara 3, kisha anapata alama 1. Baada ya dakika 10 wanabadilishana kazi. Mwalimu wa darasa anazunguka katikati ya mabenchi, anasikiliza, na anawaongezea alama wale wanaosaidiana vizuri, hata kama hawaendi mbio. Mwisho wa juma kuna mtihani ambao kila mmoja anaufanya peke yake.

Mambo mawili katika mpango huu yanafaa kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni kwamba kosa halimnyimi mtoto alama zote. Akilisahihisha bado anapata kitu. La pili ni kubadilishana kazi. Mtoto dhaifu naye anashika karatasi ya majibu, anauliza, anasahihisha. Kwa dakika 10 yeye ndiye mwalimu. Kwa mtoto ambaye tangu aingie shule amekuwa wa kusaidiwa tu, dakika hizo ni kubwa kuliko alama zenyewe.

Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, Lynn na Doug Fuchs waliendeleza kazi hiyo kwa upande wa kusoma. Namna yao ya kupanga wawili wawili ni nyepesi. Mwalimu anaandika majina yote kwa kufuata uwezo wa kusoma, kisha anaikata orodha katikati. Katika darasa la wanafunzi 40, wa 1 anakaa na wa 21, wa 2 na wa 22, hadi wa 20 na wa 40. Kwa njia hiyo kila jozi ina anayejua zaidi, lakini hodari kuliko wote hawekwi na dhaifu kuliko wote, maana hao wangechokana haraka. Orodha yenyewe inabaki kwa mwalimu, watoto hawaioni.

Kisha anayesoma vizuri anaanza, dakika 5, mwenzake akifuata kwa kidole. Anayefuata anasoma sehemu ile ile. Faida yake inaonekana wazi: mtoto dhaifu anasoma maneno ambayo masikio yake yamekwisha kuyasikia. Halafu wanasimuliana walichosoma, na kwa kila fungu la maneno wanatafuta mambo matatu: fungu linamhusu nani au nini, jambo gani kubwa limesemwa juu yake, na namna ya kulisema kwa maneno yasiyozidi 10.

Je, darasa la watoto 60 wanaobanana watatu kwenye benchi moja? Hapo wawili wawili hawawezekani, lakini watatu watatu wanawezekana: mmoja anasoma, mmoja anafuata na kusahihisha, wa tatu anauliza maswali ya mwisho, halafu zamu zinazunguka. Kelele itakuwepo. Mwalimu anayetaka darasa kimya atasumbuka siku za kwanza, mpaka azoee kwamba sauti 20 zinazosoma kwa wakati mmoja si fujo.

4. Urafiki na njia ya shule: mfano wa Mpika

Kuna watoto ambao shida yao ya kwanza si somo. Mtoto wa kifafa anaogopwa, anayetembea kwa magongo anaachwa nyuma wakati wa mapumziko, anayekasirika haraka hana mtu wa kucheza naye. Kwa watoto hao kulianzishwa Kanada mpango unaoitwa duara la marafiki. Ulianzia Toronto kwa Judith Snow, mwanamke mwenye ulemavu mkubwa wa mwili, ambaye marafiki zake, Marsha Forest akiwa mbele, walijipanga kumzunguka ili asiishie katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Baadaye mpango uliingia mashuleni, na Uingereza iliuchukua katika miaka ya 1990.

Darasani, mwalimu anapata kwanza kibali cha mtoto mwenyewe na cha wazazi wake. Kisha anawaomba wanafunzi wote wachore maduara manne, moja ndani ya jingine: katikati watu wanaowapenda sana, kisha marafiki, kisha watu wanaofanya nao mambo pamoja, na nje kabisa watu wanaolipwa kuwahudumia, kama mganga au mwalimu. Anawauliza: mtu ambaye maduara yake ya marafiki ni matupu angejisikiaje? Angefanya nini? Watoto wenyewe wanataja majibu: angelia, angepigana, angekataa shule. Baada ya hapo, 6 au 8 wanajitolea, na kila juma wanakutana na mtoto huyo na mwalimu kuangalia nini kimekwenda vizuri na nini hakijakwenda.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Zambia. Mwaka 1978, Hugh Hawes na David Morley walianzisha London mpango wa Mtoto kwa Mtoto, ukitayarisha Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, 1979. Wazo lilikuwa kwamba mtoto mkubwa, ambaye katika familia nyingi za Afrika ndiye anayewalea wadogo, anaweza kuwa mjumbe wa afya na wa elimu. Katika mji wa Mpika, kaskazini-mashariki ya Zambia, walimu waliuchukua mpango huo na kuutumia kwa ajili ya elimu jumuishi. Mtoto mwenye ulemavu alipewa pacha, yaani mwanafunzi mwenzake wa kwenda naye shuleni, kucheza naye na kufanya naye kazi za darasani. Mwalimu Paul Mumba, wa Shule ya Msingi ya Kabale mjini humo, aliandika kuhusu namna alivyowagawa wanafunzi wake katika vikundi vyenye hodari na dhaifu, wavulana na wasichana, na kuwapa sauti katika kuamua mambo ya masomo yao.

Tusome neno hili pacha kama watu wa lugha. Walimu wangeweza kuchagua neno kama mlinzi au msaidizi, wakaweka mmoja juu na mwingine chini. Mapacha ni sawa kwa umri na kwa heshima. Katika jamii zetu za Katanga na za Zambia, ambako mapacha wana majina yao na nafasi yao katika familia, neno hilo linabeba mzigo ambao maelezo marefu ya mwalimu yasingeubeba.

5. Kwa nini hili ni swala la lugha

Noreen Webb, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichunguza kwa miaka mingi yale watoto wanayoambiana wanapofanya hesabu katika vikundi. Aliona kwamba kumpa mwenzako maelezo kunamfaidia yule anayeeleza, kwa sababu anayapanga upya mawazo yake mwenyewe. Lakini kwa anayesaidiwa, kupewa jibu tupu hakumsaidii; mtoto aliyeomba maelezo akapewa jibu tu anabaki pale pale alipokwama. Kwa hiyo tofauti ya msaada unaofaa na usiofaa haimo katika moyo mwema wa msaidizi. Imo katika sentensi zake.

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe. Kitabuni kumeandikwa: «Mama anapika ugali.» Mtoto mmoja wa Lubumbashi anasoma: «Mama anapika bukari.» Ameelewa maana, na neno alilosema ndilo la nyumbani kwao, lakini hakusoma, alikisia. Mwenzake anaweza kumjibu hivi:

— Hapana! Ni ugali! Weye aujue kusoma.

Jibu ni sahihi, na halikufundisha kitu isipokuwa aibu. Anaweza pia kumjibu hivi:

— Angaria muzuri herufi ya kwanza. Iko «b» ao «u»?
— «U».
— Njo vile. Soma tena.

Maneno ya pili ni marefu kidogo kuliko ya kwanza, lakini yanamrudisha mtoto kwenye maandishi na kumwachia kazi ya kutafuta mwenyewe. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kusaidia kwa namna hiyo; anafundishwa. Sentensi tano au sita zinatosha kuanza: Angaria tena. Herufi hii ni gani? Umejuaje? Nionyeshe mahali imeandikwa. Sema kwa maneno yako. Vizuri, endelea.

Sasa tuulize: mfano huo ungekuwaje kwa Kifaransa? Katika neno «oiseau» hakuna herufi hata moja inayotamkwa kwa sauti yake ya alfabeti. Mtoto wa mwaka wa pili anayemsahihisha mwenzake hawezi kumwambia «angalia herufi». Herufi hazimwambii kitu. Anaweza tu kukumbuka alivyosikia kwa mwalimu, na kama alisikia vibaya, wawili hao watalishika kosa pamoja. Kiswahili, kinyume chake, kinaandikwa karibu kama kinavyosemwa. Anayejua ka, ke, ki, ko, ku anaweza kuhakikisha kazi ya mwenzake bila kumngoja mwalimu. Ndiyo sababu kusaidiana kwa kusoma kunaweza kuanza mapema sana katika Kiswahili, wakati katika Kifaransa kunahitaji mwalimu awe karibu na maneno yawe yametayarishwa.

Sheria haituzuii. Katiba inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inasema kwamba lugha za taifa na lugha za mahali zinatumika katika kufundisha na kujifunza, huku Kifaransa kikiwa lugha ya elimu. Kizuizi kimo katika mazoea. Katika shule nyingi mtoto anayesema Kiswahili darasani bado anakemewa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukoloni wa akili, ameeleza jinsi watoto wa Kenya walivyovishwa alama ya aibu kwa kusema lugha yao, na jinsi walivyofundishwa kuchongeana. Hatutafika mbali tukiwaambia watoto «saidianeni», kisha tukawanyang'anya lugha ya kusaidiana. Yule anayenong'ona kwa Kiswahili akimweleza mwenzake maana ya swali la Kifaransa havunji somo, analifungua.

Tuongeze kwamba Kiswahili chenyewe si lugha ya kila mtoto. Lubumbashi kuna watoto ambao nyumbani wanasema Tshiluba, Kibemba au Kiluba. Bukavu kuna wa Mashi. Butembo kuna wa Kinande. Mtoto aliyefika jana kutoka kijijini anaweza kuhitaji pacha anayejua lugha ya kwao, kwa majuma machache ya kwanza, kabla ya kuhamishiwa kwa mwingine. Hapo lugha mbili za mtoto msaidizi, ambazo shule imezoea kuziona kama hasara, zinakuwa chombo cha kazi.

6. Mipaka na hatari

Njia hii ina mipaka ambayo lazima isemwe wazi, la sivyo tutarudi kwa Bell na Lancaster.

Kwanza, mwanafunzi hawezi kuchukua nafasi ya mwalimu wala ya mtaalamu. Mtoto asiyeona ubao anahitaji kupimwa macho na kupewa miwani. Pacha wa kumsomea ubao mwaka mzima anaficha shida bila kuiondoa.

Pili, mtoto kiziwi yuko katika hali ya peke yake. Wenzake wakijifunza ishara 20 ni jambo jema kwa mchezo, lakini mtoto hakui katika lugha ya ishara 20. Anahitaji watu wanaoisema lugha ya ishara kwa ukamilifu, watoto na watu wazima. Lugha za ishara zinazotumika katika shule nyingi za viziwi katika Afrika ya Kifaransa zimetokana na kazi ya Andrew Foster (1925–1987), Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, na ni lugha zenye sarufi yao. Tamko la Salamanca lenyewe lilikubali kwamba kwa watoto viziwi, shule au darasa lao la pekee linaweza kufaa zaidi kuliko shule ya kawaida.

Tatu, msaidizi naye ni mtoto. Mzazi anayesema «mwanangu hakuja shuleni kuwa mwalimu» hasemi jambo la kipuuzi. Jibu lake ni utafiti tuliotaja, unaoonyesha kwamba anayeeleza anajifunza. Lakini jibu hilo ni la kweli tu kama muda wa kusaidia una kipimo, zamu zinabadilika, na mtoto hodari naye anapata kazi za kiwango chake. Tuangalie hasa wasichana. Katika madarasa mengi kazi ya kutunza inawaangukia wao bila mtu kuamua hivyo. Mwalimu ahesabu, muhula kwa muhula, ni nani ambao wamekuwa wakisaidia.

Nne, kuna mambo ambayo mwanafunzi hapaswi kubebeshwa: siri za nyumbani za mwenzake, dawa zake, usafi wa mwili wake. Na jozi ambayo mmoja anamwonea mwenzake inavunjwa siku ile ile, bila kuwangojea «wazoeane».

7. Kazi iliyo mbele ya kitivo cha lugha

Mambo haya yanaonekana kama ya wenzetu wa saikolojia na ualimu. Lakini vitu vinavyokosekana ili yafanyike katika shule zetu vingi ni vitu vya lugha, na vinaweza kutengenezwa bila fedha nyingi.

Kwanza ni kadi za sentensi za kusaidia, kwa Kiswahili ambacho watoto wa mahali wanakielewa. Hapa kuna swali la utafiti ambalo lingetosha kwa kazi ya mwisho wa masomo: sentensi hizo ziandikwe kwa Kiswahili sanifu au kwa Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Kisangani? «Angalia» na «angaria» hazimchanganyi mtu, lakini si kila jambo ni jepesi hivyo. Pengine kadi iandikwe kwa sanifu, na mtoto aachwe aseme kwa namna yake, pengine hapana. Lazima kwenda kusikiliza watoto, kwa ruhusa ya wazazi na ya shule, na kuandika wanavyoelezana kweli.

Pili ni hadithi fupi zilizopangwa kwa daraja, kutoka silabi nyepesi hadi zenye ng', mbw na nyw, ili jozi yoyote ipate maandishi ya kiwango chake. Tatu ni orodha ya maneno ya Kifaransa cha shule ambayo mtoto anakutana nayo katika maswali, kama «entourez», «complétez», «soulignez», pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili. Watoto wengi hukosa hesabu si kwa kutojua hesabu bali kwa kutojua swali limewaamuru nini.

Mwisho, wale kati yetu wanaokwenda staji ya kufundisha wanaweza kujaribu mpango huu katika darasa moja, dakika 20, mara tatu kwa juma, kwa muhula mmoja, wakipima kusoma kwa kila mtoto mwanzoni na mwishoni, na kuandika wazi kilichokwenda na kilichokwama.

Hitimisho

Tumeona kwamba msaada wa wenzake si huruma, wala si njia ya serikali kuokoa mshahara wa mwalimu. Ni mpango wenye wakati, zamu, maneno yaliyofundishwa na mwalimu anayesikiliza. Ukikosa mambo hayo, unakuwa kazi ya bure kwa mtoto hodari na aibu mpya kwa mtoto dhaifu. Ukiwa nayo, mtoto wa benchi la nyuma anasoma kwa sauti kila siku, anaulizwa, anasahihishwa bila kuchekwa, na zamu yake ikifika, naye anamsahihisha mwingine.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika darasa la watoto 60, mkono mmoja wa mwalimu hautoshi. Mikono mingine imo humo humo darasani, imekaa kwenye mabenchi. Kinachobaki ni kuifundisha kazi, na kuiruhusu kufanya kazi hiyo kwa lugha inayoijua.